Gari la zamani kuchelewa kuwaka asubuhi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni fundi umeme wa magari, Unga Limited, Arusha. Baridi ya Juni ikishaingia, simu yangu inaanza kulia kabla ya saa moja asubuhi: fundi, niko Njiro, gari limegoma, stata inakokota. Maswali ni yale yale, na kosa nalo ni lile lile: mtu ameshanunua betri mpya kabla hajaipima ya zamani. Nimeweka hapa majibu ninayowapa wenye Land Cruiser, Prado, RAV4, Escudo, Defender na magari mengine ya umri huo.

Kabla ya yote, tafuta mita ya umeme. Ile ndogo ya kidijitali inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme inatosha kabisa.

## Kujua ugonjwa

1. Gari langu linachelewa kuwaka. Nianzie wapi?

Anza kwa kusikiliza. Watu wanasema "linachelewa kuwaka" kwa magonjwa mawili ambayo hayahusiani. La kwanza, stata yenyewe inakokota, yaani inazunguka kwa uzito, kama mtu anayepandisha gunia la mahindi mlimani. La pili, stata inazunguka kwa kasi yake ya kila siku, ila injini haishiki mpaka upige mara tatu, nne.

Stata ikiwa nzito, tafuta kwenye betri, nyaya, stata, na mara chache injini yenyewe. Soma swali la 3 hadi la 9. Stata ikiwa nyepesi lakini injini haishiki, achana na betri. Hapo tatizo liko kwenye mafuta, hita plagi (zinazopasha joto injini ya dizeli kabla ya kuwaka), moto wa plagi au kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), na majibu yanaanzia swali la 10. Ukinipigia simu, hili ndilo nitakalokuuliza kwanza, na wengi hulazimika kwenda kuliwasha tena ili wasikilize.

2. Mbona mchana linawaka vizuri, asubuhi tu ndiyo linasumbua?

Usiku oili inaganda kidogo, na kemia ya ndani ya betri inapungua kasi. Injini inahitaji nguvu zaidi kuzunguka wakati huo huo betri inatoa kidogo. Arusha mjini iko takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai joto hushuka karibu nyuzi 12. Moshi mjini iko chini zaidi na kuna joto, lakini panda Kibosho au Marangu utaikuta baridi ile ile.

Hata hivyo, nyuzi 12 si baridi ya kuishinda betri nzima. Kinachoiua betri ni joto la miezi iliyotangulia, kutochajiwa vya kutosha na kutikiswa na barabara za vumbi. Baridi inakuja tu kuifichua. Angalia pia oili. Ukiwa umewekewa oili nzito sana, mathalani SAE 40 tupu mahali ambapo kitabu cha gari kinataka 15W-40, stata itabeba mzigo usio wake kila alfajiri.

## Betri na nyaya

3. Nitajuaje kama betri imechoka kweli?

Pima mara mbili: ikiwa imetulia, na ikiwa kazini.

Pima kwanza asubuhi, kabla hujagusa ufunguo. Kama gari limetoka kuendeshwa, washa taa kubwa dakika moja, zima, subiri kidogo, ndipo upime. Volti 12.6 au zaidi ni betri iliyojaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na ikisoma chini ya 12 imekwisha. Betri iliyokwisha si lazima iwe imekufa, kwa hiyo ichaji mpaka ijae halafu rudia kipimo.

Kisha acha nyaya za mita kwenye vichwa vya betri, mtu apige stata kwa sekunde nne au tano, wewe ukitazama namba. Betri nzima haishuki chini ya volti 9.6. Ikianza na 12.6 kisha ikaanguka hadi 8, ndani imechoka, na hapo nitakubaliana na wewe ukienda dukani. Lakini ikibaki 11.5 huku stata inakokota, betri haina kosa: umeme upo, haufiki. Nenda swali la 4.

4. Nimenunua betri mpya na bado stata inakokota. Kwa nini?

Kwa sababu ugonjwa uko njiani. Hili ndilo jibu ninalolitoa kuliko mengine yote.

Stata ya gari la petroli la silinda nne inavuta kama ampea 100 hadi 200, na ya dizeli kubwa kama 1HZ ya Land Cruiser inavuta zaidi sana. Kwa mkondo wa namna hiyo, kizuizi kidogo ambacho mita yako haiwezi hata kukisoma vizuri kinakula volti. Kizuizi cha omu 0.01 kikipitiwa na ampea 200 kinameza volti 2. Taa zitawaka na redio itaimba, kwa kuwa hizo zinavuta umeme kidogo, ila stata itapata chakula cha mgonjwa.

Kipimo chake ni rahisi, na nasikitika kwamba gereji nyingi hazikifanyi. Weka mita kwenye volti. Ncha moja iguse kichwa chenyewe cha chanya cha betri, yaani risasi yenyewe na siyo temino iliyokibana. Ncha nyingine iguse bolti ya waya mnene pale kwenye stata. Mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya volti 0.5, umeme unapotea kwenye waya wa chanya au temino zake. Rudia upande wa hasi: kichwa cha hasi cha betri hadi kwenye bodi ya stata. Hapo isizidi volti 0.3. Sogeza ncha kiungo kwa kiungo, na mahali namba inaporuka ndipo palipo na kosa.

Mteja mmoja wa Tengeru alikuja na Prado ikiwa na betri ya tatu ndani ya mwaka mmoja. Upande wa hasi ulisoma volti 1.9. Ule waya wa ethi unaounganisha injini na chasisi ulikuwa umekatika karibu wote, umebaki nyuzi chache zilizoota kutu ya kijani chini ya matope. Tuliweka waya mpya, tukakwangua rangi na kutu pale bolti inapokaa, gari likawaka kwa mguso mmoja. Nilimwonea huruma kwa zile betri mbili alizoziuza kama chuma chakavu.

Mahali pa kuangalia kwanza: unga mweupe au wa kijani kwenye temino (osha kwa maji ya moto na magadi, kausha, kaza, paka grisi), temino inayozunguka ukiishika kwa mkono, na waya uliovimba chini ya plastiki yake. Barabara za kwenda Natron na Loliondo zinalegeza bolti hizi kila safari.

5. Nichukue betri ya ukubwa gani?

Ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, au inayolingana nayo. Betri ya saizi ya N70 inatosha dizeli nyingi za kati. Usibane betri ndogo ya NS40 kwenye dizeli kwa sababu tu imepatikana kwa bei nafuu.

Angalizo kwa wenye Land Cruiser kongwe zenye betri mbili. Kuna zilizoungwa sambamba, umeme ukabaki volti 12. Kuna ambazo gari zima ni volti 24. Na kuna zilizotoka Japani ambazo taa ni volti 12, ila wakati wa kupiga stata rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inaziunga betri ziwe 24. Soma kibao kwenye stata kabla hujagusa waya wowote. Na ukibadilisha, badilisha zote mbili siku moja, kwani iliyochoka itainyonya mpya.

6. Naweza kuongeza maji ya bomba kwenye betri?

Hapana. Maji ya bomba yana chumvi zinazoharibu sahani za ndani. Nunua yale maji ya betri yaliyosafishwa, jaza yafunike sahani tu. Usiongeze tindikali kwenye betri inayotumika; kinachopungua ni maji, tindikali haijaenda popote.

7. Nikililaza gari siku tatu, nakuta betri imekwisha. Umeme unaibwa na nini?

Kuna kitu kinakunywa umeme gari likiwa limezimwa. Zima kila kitu, funga milango, subiri nusu saa. Weka mita kwenye ampea, ukitumia tundu la ampea 10, chomoa waya wa hasi wa betri na uipitishe mita katikati yake na kichwa cha betri. Usipige stata mita ikiwa hapo, itaungua. Miliampea 50 au pungufu ni kawaida kwa saa na alamu. Ukikuta 500, gari linakula Ah (ampea-saa) 12 kwa siku. Siku ya tatu, betri ya Ah 70 itakuwa imebaki karibu nusu. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke.

Kwenye magari ya watalii nakuta friji, chaji za simu nyuma ya viti, redio za mawasiliano na vifaa vya kufuatilia gari, vyote vimeungwa moja kwa moja kwenye betri bila kupitia ufunguo. Magari haya hukaa Aprili na Mei nzima wakati wa masika bila kazi, halafu Juni mgeni anatua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) na gari halina hata mlio. Kama gari litalala zaidi ya wiki mbili, chomoa hasi. Betri iliyoachwa tupu kwa miezi inaota ganda la salfa kwenye sahani na haitarudi ilivyokuwa hata uichaji wiki nzima.

8. Fundi alichomoa temino injini ikiwa inaunguruma, haikuzima, akasema alteneta ni nzima. Ni sawa?

Si sawa, na tafadhali usimruhusu mtu akufanyie hivyo tena. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta. Ukiichomoa ghafla volti zinaruka juu na zinaweza kuunguza dayodi za alteneta au kompyuta ya gari. Tena kipimo chenyewe hakisemi kitu, kwa sababu alteneta dhaifu inaweza kuiweka injini hai na bado ishindwe kuchaji.

Pima kwa mita kwenye vichwa vya betri injini ikiwa inafanya kazi: kati ya volti 13.8 na 14.5 ni nzuri. Washa taa na feni, bado ikae juu ya 13.5. Ikiwa chini, anza na mkanda, huenda umelegea.

## Stata yenyewe

9. Nikigeuza ufunguo nasikia "tak" tu. Nikirudia mara tano linawaka. Na wakati mwingine linakokota injini ikiwa ya moto.

Mlio mmoja mzito wa "tak", betri ikiwa imepimwa na ni nzima, kwenye Toyota nyingi unatokana na vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi, ile swichi nzito ya umeme iliyo kwenye stata. Kila unapowasha vinaungua kidogo, mwisho vinakuwa vyembamba na havigusani vizuri. Vipande hivyo vinauzwa na vinabadilishwa. Huhitaji stata nzima. "Tak-tak-tak-tak" ya haraka ni jambo jingine: hiyo ni betri au temino, rudi swali la 3 na la 4. Kama hakuna mlio kabisa na gari ni otomatiki, weka gia kwenye N ujaribu. Likiwaka, kosa liko kwenye swichi ya gia.

Kukokota injini ikiwa ya moto huwa ni bushi za stata (pete zinazoshikilia rota, kile chuma kinachozunguka ndani) zilizolika, au kaboni (zinazopeleka umeme kwenye rota) zilizokwisha. Chuma kikipanuka, rota inaanza kugusa kuta, na umeme wote unaishia kwenye msuguano. Mwambie fundi aifungue abadilishe bushi na kaboni kwa pamoja. Stata ya mtumba ni bahati nasibu: unaweza kununua bushi zilizochoka kuliko zako.

## Dizeli

10. Stata inazunguka vizuri, ila injini haishiki haraka. Moshi unanieleza nini?

Unakueleza mengi. Mtu asimame nyuma ya gari wakati unapiga stata. Moshi mweupe ukitoka, dizeli inafika kwenye silinda lakini haiwaki: joto halitoshi, kwa hiyo tafuta hita plagi (swali la 11) au kompresheni (swali la 16). Moshi usipotoka kabisa, dizeli haifiki: tafuta hewa au filta (swali la 12), au ile valvu ya umeme ya kuzimia injini iliyo kwenye pampu.

11. Napimaje hita plagi?

Injini kama 1HZ na 1KZ-TE zina chemba ndogo ambamo moto huanzia, na chemba hiyo ikiwa ya baridi hupoteza joto la mgandamizo. Ndiyo maana zinazitegemea sana hita plagi. 1HZ ina sita. Ikifa moja, gari litawaka huku likitikisika na moshi mweupe kwa dakika nzima. Zikifa tatu, utaamsha mtaa.

Ondoa kile kibati kinachoziunganisha. Chukua taa ya testa, ibane kwenye chanya ya betri, gusa ncha ya kila plagi. Inayowasha taa ina uhai, isiyowasha imekatika. Zote zikiwa nzima, rudishia kibati, mtu awashe ufunguo, upime kama kibati kinapata volti karibu na za betri. Hakipati? Ni rilei yake au taima. Nimewahi kupokea gari lililowekewa plagi sita mpya huku kosa likiwa ni rilei iliyochoka.

Wakati wa kuzitoa, fungua injini ikiwa na joto na usilazimishe. Plagi ikikatikia kwenye silinda hedi, kazi ya saa moja inageuka kuwa ya siku tatu.

12. Likilala usiku kucha linasumbua, lakini nikipampu kwa mkono pale kwenye filta linashika mara moja.

Umeshajijibu: hewa inaingia, na dizeli inarudi tangini usiku. Tafuta mpira wa mafuta uliopasuka, klampu iliyolegea, mpira wa pampu ya mkono uliokauka, au filta iliyofungwa vibaya. Sehemu inayovuta hewa mara nyingi haivuji dizeli nje, hivyo usingoje kuona tone. Kata kipande cha mpira unaopitisha mwanga, kiweke kabla ya pampu kuu, utayaona mapovu yakipita.

13. Fundi wa mtaani ananiwashia kwa kitambaa chenye petroli kwenye mdomo wa hewa. Kuna ubaya?

Kuna hatari. Mvuke wa petroli au dawa ya kupulizia ukikutana na hita plagi iliyo nyekundu unalipuka kabla pistoni haijafika juu. Nimeona pistoni zilizovunjika na nyusi zilizoungua. Gari lililozoeshwa hivyo linaficha ugonjwa unaozidi kukua.

14. Asubuhi linawaka, ila nikisimama kula njiani likiwa la moto haliwaki mpaka lipoe.

Kama stata inazunguka kwa kasi, nashuku pampu ya dizeli iliyolika ndani. Dizeli ikipata moto inakuwa nyepesi na inavuja ndani kwa ndani badala ya kusukumwa kwenye nozeli. Funika pampu kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi dakika chache. Likiwaka, jibu unalo.

Pampu hizi za kuzunguka zinalainishwa na dizeli yenyewe. Dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa inazikausha. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 kupambana na uchakachuaji huo, lakini pampu ya gari la mwaka 1995 huenda ilikunywa mengi kabla ya hapo. Jaza kwenye vituo unavyoviamini na kaa mbali na dizeli ya madumu.

## Petroli

15. RAV4 yangu ya petroli inazunguka vizuri, inachukua sekunde kumi kushika. Hita plagi haina. Ni nini?

Geuza ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, subiri sekunde mbili, zima. Rudia mara tatu, kisha piga stata. Likishika upesi, presha ya mafuta inakimbia usiku: valvu ndani ya pampu ya tangini, regyuleta, au nozeli inayodondosha. Ujanja huu hautoi jibu kwenye kila gari, kwa sababu baadhi huiwasha pampu pale tu stata inapozunguka.

Lisiposhika, fungua plagi uzitazame, kisha sensa ya joto la maji, ambayo ikidanganya kompyuta kwamba injini ni ya moto, petroli inayotolewa haitoshi. Kwenye zile za zamani zenye distributa, asubuhi za masika fungua kifuniko chake na ukaushe unyevu.

## Yasiyo ya kila siku

16. Dar linawaka vizuri, Arusha linatoa moshi, Karatu asubuhi halikubali kabisa. Inawezekanaje?

Hewa. Arusha shinikizo la hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 15 ukilinganisha na pwani; ukingoni mwa Ngorongoro, kama mita 2,300 juu, limepungua karibu robo. Dizeli inawaka kwa kubana hewa mpaka ipate moto. Hewa ikiwa haba na ya baridi, joto la mwisho linakuwa dogo. Injini yenye ringi nzima inavumilia, iliyochoka inakwama. Maliza kwanza hita plagi, betri na nyaya. Bado halikubali? Pima kompresheni kwa geji kwenye kila silinda. Usikubali injini ifunguliwe kwa kubahatisha bila kipimo hicho.

17. Nabusti vipi bila kuharibu gari la mwenzangu?

Hakikisha magari yote ni volti 12 (swali la 5). Chanya yako kwanza, kisha chanya yake; hasi yake, na mwisho hasi ibane kwenye chuma kitupu cha injini yako, mbali na betri, kwa sababu betri inatoa gesi inayolipuka kwa cheche. Acha gari lake liungurume dakika tano, ndipo upige. Ukichomoa, fuata njia ile ile kinyumenyume.

18. Stata ilizunguka kidogo kisha ikagonga na kusimama ghafla, kama imegonga ukuta.

Acha. Usirudie ufunguo, usisukume, usivute gari kwa kamba. Kama jana ulivuka korongo lililojaa, au rejeta imekuwa ikipungua maji bila kuvuja nje, huenda kuna maji ndani ya silinda, na maji hayabanwi. Kinachopinda ni koneksheni rodi. Toa plagi zote, au hita plagi zote kama ni dizeli, kisha zungusha injini kwa mkono kwa spana kwenye bolti ya puli ya mbele. Maji yakiruka nje kwenye tundu moja na hukuvuka mto, gasketi ya silinda hedi imepasuka hapo. Yakiruka kwenye matundu kadhaa baada ya mto, kagua filta ya hewa na oili kabla ya kurudishia kitu chochote; oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa inamwagwa siku hiyo hiyo.